Mama wawili, jina moja kwenye karatasi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu wazazi wa jinsia moja na haki ya kulea

Ukurasa huu unahusu zaidi Afrika Kusini. Huko wazazi hawa walibeba madai yao hadi Mahakama ya Katiba, wakashinda, na sheria ikabadilika mbele ya macho yao. Nchi nyingine nimezitaja pale zinapotusaidia kuelewa. Mwenye kesi mkononi amwone wakili wa masuala ya familia; maelezo haya ni ya kumfungua macho tu kabla hajafika huko.

Kama wanaishi na mtoto na wanamlea vizuri, sheria inaingia wapi?

Inaingia siku ya shida. Siku za kawaida hakuna anayeuliza. Mtoto anaamshwa, anavalishwa sare, anapelekwa shule, jioni anasimamiwa kazi za nyumbani. Kisha siku moja anavunjika mkono na hospitali inataka saini ya mzazi. Au mzazi mwenye jina kwenye cheti anafariki, na ndugu wa marehemu wanakuja msibani wakiwa wameshaamua mtoto ataondoka na nani. Au wazazi wanaachana, mmoja anafunga mlango, na mwenzake hana hata karatasi ya kumwonyesha hakimu. Mwanamke aliyembeba mtoto mgongoni miaka minane anaambiwa kwamba yeye alikuwa anaishi tu kwenye nyumba hiyo.

Ndiyo maana sipendi suala hili linapozungumzwa kana kwamba ni watu wazima wanaodai heshima yao peke yao. Heshima yao ipo ndani yake, lakini anayeachwa bila kinga kwanza ni mtoto.

Kesi kubwa ilianzaje?

Ilianza na wanawake wawili wa Pretoria, Suzanne du Toit na Anna-Marié de Vos, waliokuwa wakiishi pamoja tangu 1989. Mwaka 1994 waliomba kuasili watoto. Walipitia uchunguzi wote ambao waombaji hupitia: maofisa wa ustawi wa jamii, mahojiano, ushauri nasaha. Walionekana wanafaa. Wakapewa watoto wawili, dada na kaka wa tumbo moja, ili wasitenganishwe.

Tatizo lilijitokeza kwenye fomu. Sheria ya Malezi ya Watoto ya 1983 iliruhusu watu wawili kuasili pamoja ikiwa tu ni mume na mke. Mtu mmoja asiye na ndoa aliruhusiwa. Kwa hiyo mwaka 1995 watoto wakaandikwa kwa de Vos peke yake. Kwa du Toit hapakuwa na kitu. Kama de Vos angefariki, au kama wangeachana, mbele ya sheria du Toit angekuwa mgeni kwa watoto aliowalea.

De Vos mwenyewe alikuwa jaji wa Mahakama Kuu. Kila siku alikaa kitini akitumia sheria za nchi hiyo kuamua mambo ya familia za wengine, akirudi nyumbani anaikuta familia yake imeandikwa nusu.

Mahakama ilisema nini?

Mahakama Kuu ya Pretoria iliwapa ushindi mwaka 2001. Hukumu ya Mahakama ya Katiba, iliyoandikwa na Jaji Thembile Skweyiya, ilitoka tarehe 10 Septemba 2002. Ilisimama zaidi juu ya vifungu viwili vya Katiba ya 1996. Kifungu cha 9 kinakataza ubaguzi na kinataja mwelekeo wa kimapenzi kwa jina. Kifungu cha 28 kinasema maslahi bora ya mtoto yana uzito wa juu kabisa katika kila jambo linalomhusu.

Hoja ya Skweyiya ni nyepesi kuifuata. Kuna watoto wengi wasio na wazazi. Kuna watu wawili, imara, wenye mapenzi, waliokwisha kupimwa na kuonekana wanafaa. Ukiwakatalia kuasili pamoja kwa sababu tu ni wa jinsia moja, umemnyima mtoto nyumba yenye wazazi wawili wanaowajibika kisheria, na hujamkinga na chochote.

Jambo ninalolipenda zaidi ni namna amri ilivyotolewa. Mahakama haikulirudisha suala Bungeni na kuwaambia wazazi wasubiri. Iliongeza maneno ndani ya sheria yenyewe, kwamba wanaoweza kuasili pamoja ni pamoja na wenza wawili wa kudumu wa jinsia moja, na maneno hayo yakaanza kutumika mara moja. Ndoa yao wenyewe ilichelewa miaka minne: sheria iliyoiruhusu ilianza tarehe 30 Novemba 2006. Kwa maneno mengine, Afrika Kusini iliwatambua kama wazazi kabla ya kuwatambua kama wanandoa.

Kabla ya hapo, mzazi aliyeachana na mwenzi wake na kuanza kuishi na mtu wa jinsia yake alitendewaje?

Vibaya. Mwaka 1994, katika kesi ya Van Rooyen, mama hakunyimwa kabisa kuonana na watoto wake, ila aliwekewa sharti: watoto wakija kulala kwake, yeye na mwenza wake wasilale chumba kimoja. Jaji alihofia kwamba watoto wangepokea ujumbe mbaya. Hakuna aliyeonyesha kwamba mama huyu aliwapiga, aliwatelekeza au aliwaacha na njaa. Kosa lake lilikuwa mlango wa chumba chake.

Miaka minne tu baadaye, 1998, Jaji Foxcroft wa Mahakama Kuu ya Cape alipelekewa kesi inayofanana, inayojulikana kama V dhidi ya V. Baba alitaka muda wa mama na watoto ubanwe kwa sababu mama alikuwa anaishi na mwanamke. Jaji alikataa na akaamuru wazazi wote wawili walee. Katikati ya kesi hizi mbili ilikuja Katiba. Sijui mfano bora wa kuonyesha kifungu kimoja cha sheria kinaweza kufanya nini katika maisha ya watu.

"Maslahi bora ya mtoto" ni kitu gani hasa? Kila upande unayataja.

Kweli, kila upande unayataja, na hapo ndipo mapambano yalipo. Kwa miaka mingi majaji wa nchi nyingi waliyatumia maneno haya kama mfuko mtupu ambao kila mmoja anatia alichonacho moyoni. Anayedhani mama wa namna hiyo hafai alisema tu "maslahi ya mtoto" na kufunga faili.

Sheria ya Watoto ya Afrika Kusini, namba 38 ya 2005, ilijaribu kuujaza mfuko huo. Kifungu cha 7 kinaorodhesha mambo ya kuangalia: uhusiano wa mtoto na kila mzazi, uwezo wa mzazi kumtimizia mahitaji, athari ya kumtenganisha mtoto na mtu aliyezoea kuishi naye, umri wake, afya yake, usalama wake dhidi ya ukatili. Kwenye orodha hiyo ndefu hakuna mstari unaouliza mzazi anampenda nani.

Sheria hiyohiyo ilibadilisha msamiati. Badala ya umiliki wa mtoto na ruhusa ya kumwona, sasa inazungumzia malezi na mawasiliano. Na badala ya mamlaka ya mzazi, inasema "wajibu na haki" za mzazi, wajibu ukitangulia. Wengine wataona ni maneno tu. Mimi naona yanamlazimisha hakimu kuuliza nani amekuwa akifanya kazi ya uzazi.

Je, watoto wanaolelewa na wazazi wa jinsia moja hupata matatizo?

Utafiti juu ya watoto hawa ulianza miaka ya 1970, Susan Golombok wa Uingereza akiwa miongoni mwa walioutangulia, na matokeo yamekuwa yakirudi yaleyale: wanakua sawa na wenzao. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kiliunga mkono mwaka 2002 mtoto kuasiliwa na mwenza wa mzazi wake wa jinsia moja. Kinachowaumiza zaidi ni maneno ya watu wa nje, na dawa ya hayo si kumwondoa mtoto kwao.

Sisi ni wanawake wawili, mtoto amepatikana kwa mbegu ya mtoaji. Mama ni nani?

Kesi ya J na B, iliyoamuliwa na Mahakama ya Katiba tarehe 28 Machi 2003, ilijibu hili. Mmoja alitoa mayai, mwingine akabeba mimba, wakazaliwa mapacha. Idara ya Mambo ya Ndani ilikuwa na nafasi ya mama mmoja tu. Sheria ya wakati huo ilimtambua mume wa mama kuwa mzazi hata kama mbegu si yake, lakini haikumtambua mwenza wa kike, hata huyu ambaye watoto walikuwa na damu yake. Mahakama ikaona huo ni ubaguzi na ikaelekeza wote wawili waandikwe.

Leo kanuni hiyo iko katika kifungu cha 40 cha Sheria ya Watoto. Kilipotungwa, kiliwataja wanandoa tu. Waliokuwa wakiishi pamoja bila ndoa waliachwa nje, mpaka Mahakama ya Katiba iliporekebisha hilo tarehe 29 Juni 2023 na kuwaingiza wenza wa kudumu. Ona umbali: miaka 20 baada ya mapacha wale, bado kulikuwa na mlango wa kubishwa.

Mtoaji wa mbegu anaweza kuja kudai mtoto?

Kwa sheria ya Afrika Kusini, hapana. Aliyetoa mbegu tu kwa njia ya matibabu hana haki wala wajibu juu ya mtoto. Lakini mkipanga na rafiki nyumbani bila hospitali wala maandishi, mnajitafutia kesi.

Na wanaume wawili?

Wana njia mbili. Ya kwanza ni kuasili, kama du Toit na de Vos. Ya pili ni mwanamke kuwabebea mimba, na hapa sheria ni kali: makubaliano yaandikwe na yathibitishwe na Mahakama Kuu kabla mimba haijatungwa, angalau mmoja wao awe na uhusiano wa damu na mtoto, na mbebaji asilipwe faida, ila gharama zake tu. Sharti la damu lilipingwa mahakamani, na mwaka 2016 Mahakama ya Katiba ikaliacha libaki. Yakithibitishwa, watoto ni wa wanaume hao tangu kuzaliwa. Mkiruka hatua ya mahakama, mama mzazi kisheria ni aliyezaa.

Mzazi aliyebadili jinsia anapoteza mtoto?

Hapana. Sheria namba 49 ya 2003, inayoruhusu kubadilisha jinsia kwenye kumbukumbu za serikali, inasema haki na wajibu alivyokuwa navyo mtu kabla ya mabadiliko vinabaki. Uingereza suala limekwama mahali pengine: mwaka 2020 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba Freddy McConnell, mwanamume aliyejifungua, ataandikwa kwenye cheti cha mtoto kuwa "mama". Hakunyang'anywa mtoto. Alinyimwa neno, na mtoto akapewa cheti kisichofanana na nyumba yake.

Tumeachana. Mimi sikuzaa wala sikuasili. Nimebaki na nini?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote, na wanaoliuliza kwa kawaida huliuliza wamechelewa. Kama uliasili pamoja naye, au mtoto alizaliwa kwa utaratibu wa kifungu cha 40, wewe ni mzazi kamili na kuachana hakukuondoi. Mtagombana kama wazazi wengine wanavyogombana, kwa usawa. Kama huna hata kimoja, kifungu cha 23 kinamruhusu mtu yeyote mwenye nia ya dhati na ustawi wa mtoto kuomba mahakamani apewe mawasiliano au malezi, na kifungu cha 24 kinahusu kuomba ulezi wa kisheria. Mahakama itaangalia uhusiano wako na mtoto na ulichokifanya kwa ajili yake: ada ulizolipa, usiku uliokesha wodini, jina lako kwenye daftari la mwalimu.

Upande wa pili nao uko. Mzazi wa kisheria hawezi kuwakimbia watoto kwa kisingizio kwamba hawana damu yake. Mahakama ya Juu ya jimbo la California iliamua hivyo mwaka 2005 katika kesi ya Elisa B., mwanamke aliyeshiriki kupanga kuzaliwa kwa mapacha wa mwenza wake, akawalea, kisha akaacha kuwahudumia. Aliambiwa alipe matunzo. Nadhani uamuzi ule ulikuwa wa haki kabisa. Anayetaka kuitwa mzazi wakati wa raha aitwe hivyo na wakati wa bili.

Cheti cha Afrika Kusini kinaheshimiwa ukivuka mpaka?

Muulize Phillip Lühl wa Namibia. Yeye na mumewe Guillermo Delgado, raia wa Mexico, walipata mabinti mapacha Durban mwezi Machi 2021 kupitia mwanamke aliyewabebea. Vyeti vya Afrika Kusini viliwataja wote wawili. Lühl alipoomba hati za dharura za kuwapeleka watoto nyumbani Windhoek, serikali ilikataa, na Mahakama Kuu ya Namibia ikakataa pia kuingilia. Baba akakwama Afrika Kusini na vichanga viwili, mume wake na mtoto wao mkubwa wakiwa ng'ambo ya mpaka. Hati zilikuja kutolewa baada ya wiki kadhaa. Uraia wa huyo mtoto mkubwa nao ulipiganiwa: Mahakama Kuu iliwapa ushindi, na mwezi Machi 2023 Mahakama ya Juu ikautengua.

Miezi miwili baadaye Mahakama hiyohiyo ya Juu ikaamua kwamba ndoa za jinsia moja zilizofungwa nje zitambuliwe kwa masuala ya uhamiaji. Wanasiasa wakacharuka. Safari haijaisha.

Ulaya pia wamelionja. Mtoto alizaliwa Hispania mwaka 2019 kwa mama wawili, mmoja Mbulgaria. Bulgaria ikakataa kumpa cheti chenye mama wawili. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua Desemba 2021 kwamba angalau apewe hati ya kusafiria na nchi zote zitambue uhusiano wake na mama wote wawili kwa ajili ya kusafiri na kuishi. Mahakama za Bulgaria zikaendelea kukataa.

Na huku kwetu, Kenya na Tanzania?

Hapa lazima niseme bila kuzunguka. Kenya, Sheria ya Watoto ya 2001 ilitaja wazi mpenzi wa jinsia moja miongoni mwa watu wasioruhusiwa kuasili mtoto, kwenye orodha moja na waliohukumiwa kwa makosa fulani. Kanuni ya Adhabu ina kifungo cha hadi miaka 14 kwa ngono ya jinsia moja, na Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kuifuta. Tanzania Bara adhabu inafika kifungo cha maisha. Katika hali hiyo, mzazi anayegombania mtoto na mtalaka wake hawezi hata kujitetea kwa ukweli. Akikiri, amejiingiza kwenye jinai. Akikana, amesema uongo mbele ya hakimu. Tuhuma peke yake inatosha kumfanya aachie watoto kimyakimya, na kesi kama hizo hazionekani kwenye kumbukumbu yoyote.

Hata hivyo kanuni ya maslahi ya mtoto iko pia kwetu, na si ya kuazima. Iko kwenye kifungu cha 53 cha Katiba ya Kenya ya 2010, kwenye Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009, na kwenye Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa 1990. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 inaanza na dhana kwamba mtoto chini ya miaka saba ni vizuri akae na mama yake, na anayepinga ndiye alete sababu.

Si kuna ndoa za wanawake kwa wanawake Tarime na kwa Wanandi?

Zipo, na nashukuru kwa swali hili. Nyumba ntobhu ya Wakurya si mapenzi ya jinsia moja, na kuichanganya nayo ni kuwakosea wote. Ni njia ya mwanamke asiye na mtoto wa kiume kuoa mke ili nyumba yake ipate warithi. Lakini angalia inachofanya kisheria: mwanamke anahesabiwa kuwa mzazi wa watoto ambao hakuwazaa, kwa sababu nyumba na jamii zimekubali hivyo. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Kenya, Mombasa, ilimpa urithi mke wa mwanamke wa Kinandi pamoja na watoto wake. Kwa hiyo anayesema Afrika haijawahi kumtambua mzazi wa kike wa pili aende Tarime akaulize.

Mimi ni Mkongomani (au Mtanzania) ninayeishi Johannesburg. Sheria hizi zinanihusu?

Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Mahakama huangalia mahali mtoto anapoishi. Marufuku ya wageni kuasili watoto waliozaliwa Afrika Kusini iliondolewa na Mahakama ya Katiba mwaka 2000. Na sheria ya wakimbizi ya nchi hiyo inataja mwelekeo wa kimapenzi katika kueleza kundi la kijamii linalostahili hifadhi.

Niandae karatasi gani kabla ya matatizo?

Kuasili ndiko kunakovuka mipaka vizuri zaidi, kwa sababu ni amri ya mahakama. Cheti cha kuzaliwa peke yake ni rahisi kubishiwa. Kama hamjafika huko, andikeni makubaliano ya wajibu na haki za mzazi chini ya kifungu cha 22 cha Sheria ya Watoto ya Afrika Kusini na myasajili kwa wakili wa familia wa serikali au myafanye amri ya mahakama. Mwenye jina kwenye cheti, ikiwa yeye ndiye mlezi pekee wa kisheria, aandike wosia akimtaja mwenzake kuwa mlezi. Kifungu cha 27 cha sheria hiyo kinamruhusu. Nakala moja akae nayo mtu wa tatu mnayemwamini, kwa maana msibani karatasi hupotea.

Mtoto mwenyewe anasikilizwa?

Afrika Kusini, kifungu cha 10 cha Sheria ya Watoto kinampa haki ya kushiriki kwa kadiri ya umri na upevu wake. Kwingine amesahaulika, na mfano mkubwa ni wa Chile. Karen Atala, jaji pia kama de Vos, aliachana na mumewe mwaka 2002 na akaanza kuishi na mwanamke. Mume akadai mabinti wao watatu. Mahakama ya Villarrica na ile ya rufani ya Temuco zilimwachia mama. Tarehe 31 Mei 2004 Mahakama ya Juu, majaji 3 dhidi ya 2, ikawapeleka kwa baba, ikisema mama ametanguliza maisha yake na kwamba watoto wangetengwa na jamii. Mahakama hiyo haikuwauliza mabinti.

Atala alikwenda Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika. Hukumu ya tarehe 24 Februari 2012 ilisema Chile ilimbagua, na kwamba chuki ya jamii haiwezi kuwa sababu ya kumnyang'anya mtu watoto. Iliamuru fidia kwa mama na kwa kila binti, na serikali ikiri kosa hadharani. Haikuweza kurudisha ulezi. Miaka minane ilikuwa imepita na watoto walikuwa wamekua. Lakini kabla ya kuamua, mahakama hiyo iliwatuma maofisa wake Santiago kwenda kuwasikiliza mabinti wenyewe.